Mkono wa Devota Mdomoni mwa Punda

Jumanne, jioni. Kakese.

Upepo wa kiangazi umepiga tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria. Jua lipo lakini halina moto. Sijala. Si kwamba chakula hakuna, mchele upo, mavuno ndiyo haya.

Leo Devota amechomwa sindano ya tatu.

Devota ni mke wa mwanangu Nestory. Naandika haya kwa sababu nyie mnaosoma ukurasa huu mnanijua kwa kuwasema watu: fulani mchafu, fulani mvivu, fulani hajui kulea. Leo ni zamu yangu kusemwa, na nitajisema mwenyewe. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo asiyependa mwandiko wangu afunge simu yake akalale.

Tulikuwa na punda wawili wa mkokoteni, Kapteni na jike mmoja. Ndio waliokuwa wanatoa mpunga wa nusu ya mtaa huu kutoka mashambani. Mpunga ulipoanza kukomaa, mbwa asiye na mwenyewe alimrukia Kapteni malishoni akamng'ata puani. Nestory akamfukuza kwa fimbo. Mimi nikaosha kidonda kwa maji ya chumvi, nikapaka majivu, kikafunga vizuri. Nikajisifu mtaa mzima. Nikasema daktari wa punda hapa ni mimi.

Siku kumi zilizopita Kapteni akagoma kula. Mate yakawa yanamtoka kama povu la sabuni. Anajaribu kumeza, hakimezeki. Akilia, sauti imekauka kama mlango mbovu. Nikamtazama mara moja tu, nikaamua: gunzi. Amemeza gunzi la mahindi, limekwama. Nimeona ng'ombe wangapi waliokwamwa na gunzi, na wote nimewatoa kwa mkono wangu huu.

Ila vidole vyangu siku hizi havikunjiki, vimevimba kwenye viungo. Nikamwita Devota. Alikuwa amejikata na mundu akivuna, kidole amekifunga kitambaa.

"Mama, huyu naona kama anaumwa. Tumwite bwana mifugo kwanza."

"Bwana mifugo ana mkono gani ambao wewe huna? Na hicho kitambaa kifungue, kisije kikabaki kooni mwake. Ingiza!"

Akaingiza mpaka karibu na kiwiko. Mimi nimeshika kamba. Hakukuwa na gunzi.

Naandika tena, nataka nilisome neno hili kwa macho yangu. Nilimwambia afungue kitambaa.

Siku ya tatu Kapteni akaanza kujing'ata mguu mwenyewe, akajipiga kwenye boma mpaka nguzo ikang'oka, akaanguka, akafa. Nestory akampigia bwana mifugo. Yule kijana alifika, akasimama mbali, akatuzuia tusimguse. Akauliza habari za mbwa. Nikamweleza. Kisha akauliza: "Nani ametia mkono mdomoni mwake?"

Mimi, ambaye hata kanisani huwa naambiwa nipunguze sauti, nilinyamaza.

"Mimi," Devota akasema.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilijituma."

Hata hakunitazama.

Ni kichaa cha mbwa. Alichukua kipimo, majibu yakaja hivyohivyo. Siku ileile alimsimamia Devota anawe mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu, mpaka nikaona sabuni inaisha. Kisha Nestory akampakia kwenye pikipiki, hao, hospitali Mpanda. Kule wakaelezwa kwamba ugonjwa huu ukishaonekana mwilini hauna dawa. Sindano ni ya kuuwahi kabla haujafika kichwani. Sisi tulichelewa siku tatu. Sindano inakimbia, ugonjwa nao unakimbia, na hakuna anayeweza kuniambia nani yuko mbele.

Mkidhani hapo ndipo ubaya wangu ulipoishia, bado.

Mwaka jana bwana mifugo huyohuyo alikuja kwenye kikundi chetu cha mikokoteni na boksi lake la barafu. Alisema mbwa wachanjwe wote, na wenye punda wakikubali, atachanja punda pia. Mwenyekiti wa kikundi ni mimi. Ulikuwa msimu wa kubeba mpunga, watu wana haraka. Nikamwambia: "Punda si mbwa. Ukiwasimamisha hapa kutwa nzima, magunia utayabeba wewe kichwani?" Watu wakacheka. Nilipenda vile walivyocheka. Mzee Lameck alikuwa tayari ameshika kamba ya punda wake, yuko wa kwanza kwenye mstari. Akageuka naye akarudi nyumbani.

Hakuchanjwa hata mmoja. Si wangu, si wa waliotaka.

Leo mchana Devota akiwa hospitali, nimekiita kikundi. Maana tangu Kapteni afe maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema alirogwa, wengine alilishwa sumu. Wawili wameshawapeleka punda wao kwa ndugu huko Mwese, wakiogopa serikali itakuja kuwaua. Yaani wanautembeza ugonjwa milimani, kama upo.

Nikasimama, nikasema yote. Mbwa, majivu, gunzi, kitambaa. Nikasema Devota hakujituma, nilimtuma mimi.

Mzee Lameck akakohoa. "Mwenyekiti, mwaka jana ulituambia punda si mbwa."

"Nilisema. Nilikuwa mjinga mwenye sauti kubwa. Ijumaa leteni punda."

Safari hii hawakucheka. Nikawaambia na kiti wachukue. Mzee Lameck akasema, "Baki nacho. Tutakulaumu vizuri ukiwa umekikalia."

Basi tumekubaliana. Ijumaa bwana mifugo anakuja, punda wote na mbwa wote, na wa Mwese wapigiwe simu, bwana mifugo wa huko awaone hukohuko. Aliyechanjwa aandikwe kwenye daftari, na mwaka ukiisha arudie, tusingoje mpaka mmoja afe. Punda aking'atwa, afungwe peke yake na bwana mifugo aitwe siku hiyohiyo. Chumvi ibaki jikoni. Na mnyama anayetoa mate, mkono usiingie mdomoni mwake, hata kama gunzi unaliona kwa macho. Aliyeguswa na mate anawe kwa sabuni na akimbie hospitali, asinisubiri mimi nitoe hukumu.

Maneno mazuri. Kapteni kafukiwa nyuma ya boma, shimo refu ili fisi wasimfukue. Jike amefungwa peke yake, tunamwangalia. Na Devota ana sindano nyingine mbele.

Mama yake yuko Magamba. Anachojua ni kwamba mwanawe alijituma. Jumapili baada ya misa nitakwenda nikamwambie mkwe wangu huyo ukweli, na akinifukuza nitafukuzika.

Devota amerudi jua linazama. Ameshasikia niliyosema mkutanoni, hapa habari hazingoji mtu ashuke kwenye pikipiki. Ameweka kapu chini, akaomba maji.

Hospitali walisema mtu akishikwa na ugonjwa huu, maji hayamezeki. Tangu siku ile kila anapokunywa namtazama kooni. Leo pia nilisimama mlangoni, nikatazama koo linapanda, linashuka, linapanda.

"Mama, mbona unanitazama hivyo?"

"Nangoja kikombe changu."

Akanywa yote, taratibu. Kisha akakipindua kikombe mbele yangu, nione hakikubaki hata tone, akanikabidhi.

Asubuhi nitamchotea mengine.