Clarisse na nyumba yangu ya étage

Clarisse, mwipwa wangu,

Leo asubuhi nimepita tena chini ya dirisha la ofisi yako, pale karibu na uwanja wa Flagey, hapa Bruxelles. Kile kibao bado kipo mlangoni, na bado kimeinama upande ulioandikwa Lubumbashi. Mimi ndiye niliyekikaza kwa mikono yangu, nikawaambia watu nilitumia kipimo cha maji na cha jua. Ulikitazama, ukacheka, ukasema kiachwe hivyo.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha kanisa, kile ulichokuwa unanichekea, kwa sababu neno ninalotaka kukuambia ni zito, na Kiswahili chetu cha nyumbani kitanipeleka kwenye utani. Neno lenyewe ni hili: ulinikataza kugusa, nami nimegusa.

Bon. Ngoja nianzie mbali kidogo. Unanijua.

Ulipokuja kusoma mambo ya fedha, nilikupokea stesheni ya Gare du Midi nikiwa na suti ya kuazima. Tukatembea mpaka Saint-Gilles, nami njiani nikakueleza kwamba jengo zima ni langu, na kwamba orofa za chini nimewapangisha Wazungu. Tukapanda ngazi, tukapanda, mpaka kile chumba changu chini ya paa, ambamo mtu mrefu anasalimia dari kwa paji la uso. Uliweka sanduku chini, ukachungulia dirishani, ukaniambia mimi mjomba wako, "Njo mana ulichagua huku juu, tonton. Unaonaka bote." Hukucheka. Siku ile nilijua kwamba mtoto wa dada yangu ana adabu ambayo mimi sikuimaliza shuleni.

Hadithi zangu ulizisikia zote. Ile ya shuti langu la ujana lililochana wavu pale Lubumbashi, mpira ukaokotwa Kipushi, mji mwingine kabisa. Ile ya tramu iliyokwama kwenye theluji, nikaisukuma peke yangu mpaka dereva akaniomba nipunguze mwendo. Na juu ya zote, ile ya nyumba. Nyumba yangu ya étage tatu, yaani orofa tatu, kule mtaa wa Golf, Lubumbashi, yenye baraza ya juu inayotazama lile bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba. Mtu wa kwetu akiliona bomba lile kwa mbali anajua amefika. Vigae nilisema vimetoka Italia. Nyumba hiyo niliihubiri miaka mingi kwenye Galerie d'Ixelles, yale maduka ya watu wa kwetu, kwenye kiti cha papa Willy kinyozi, mpaka watu wakaanza kunieleza wao wenyewe jinsi ilivyo.

Kisha ukafungua ofisi yako. Vyumba viwili hapa, na chumba kimoja Lubumbashi chenye jenereta nje. Ofisi ya kushauri watu wa kwetu namna ya kuweka fedha kwa miaka mingi. Yule fundi wa kibao alikuuliza kwa heshima kama hukukosea, kwamba kawaida Bruxelles hutangulia. Ukamjibu, "Kule njo nilianzia." Basi ikaandikwa Lubumbashi, halafu Bruxelles, na pembeni lile bomba letu limechorwa, dogo kama kidole. Wabelgiji walidhani mnauza mabomba ya kupasha nyumba joto. Mimi nilisimama kwenye lami nikitazama jina la mji wetu limetangulia la mji wao, katika mtaa wao wenyewe, na nikavuta pumzi kama mtu aliyevaa suruali mpya. Jioni ile Galerie nzima ilijua kwamba mwipwa wangu ana wafanyakazi arobaini na lifti ya peke yake. Mlikuwa watatu, na ngazi ilikuwa inalia.

Wateja wako walikuwa wauguzi, madereva, wamama wa samaki ya chumvi. Uliwaambia ukweli hata ulipokuwa unauma. Mtu akikuomba umhakikishie faida, ulimwambia huwezi, na kwamba akitaka wa kumhakikishia aende kwa tonton wako. Walicheka, lakini walibaki. Jina lako likawa zuri kwa sababu hiyo moja: ule mutoto hasemaki bongo. Kwetu Lubumbashi uwongo tunauita bongo, na mimi nilijaliwa wa kutosha ukoo mzima.

Halafu ikafika ile Jumamosi. Nilikuwa nimekuja kusafisha zulia la ofisi, kazi ambayo Galerie waliijua kama ukaguzi. Ukafunga mlango. Ukasema papa Willy alikuja, kijana wake anasafiri kwenda Lubumbashi, na ameomba alale wiki mbili nyumbani kwangu, kwenye étage ya tatu kama inawezekana, kwa ajili ya upepo.

"Tonton," ukaniuliza, "ile nyumba iko fasi gani?"

Nilianza na jina la barabara. Nikaongeza kona, nikaongeza mti, nikaongeza mlinzi mwenye kofia. Ulinisikiliza tu, kalamu mkononi. Maneno yakaanza kuniishia, jambo ambalo halijawahi kunipata mbele ya hakimu wala padri. Mwisho nikatazama zulia. Ungeweza kuniacha hapo. Badala yake ulichukua simu, ukampigia papa Willy mbele yangu, ukamwambia ndiyo, nyumba ipo, lakini iko na wapangaji, hakuna nafasi. Wewe, ambaye hukuweza kumdanganya mteja hata kwa ajili ya kumfurahisha. Ulipoweka simu chini, ulivua miwani, ukaifuta mara mbili. Nami nilijifanya sioni.

Kisha ukavuta karatasi mpya. "Tonton, ile bongo yako tutaijenga."

Ukanifungulia faili kama mteja mkubwa. Kidogo kila mwezi, kwa miaka kumi. Penye lengo la mteja ukaandika: nyumba ya étage ya tonton. Ukauliza étage ngapi. Nikasema tatu. Ukanitazama juu ya miwani.

"Tuanze na ya chini," ukasema.

Tangu siku hiyo kila nikija nilikuuliza, inapanda? Na wewe kila mara ulinijibu sawa, bila kuchoka: "Tonton, si kupanda sawa ngazi. Ni kupanda sawa vile mama anapandaka mahindi. Anafunika, anaenda zake." Ulipaka neno hilo moja pande zote mbili, na mimi kwa miaka nilishika upande wa ngazi tu. Ndiyo maana mwaka ule bei za hisa ziliposhuka, nilikuja mbio mwenye jasho, nikitaka akiba yangu yote itoke siku hiyohiyo. Ngazi ilikuwa imejaa watu wengine wenye jasho. Uliongea na kila mmoja kwa zamu yake. Mimi ukanipa chai, ukaniuliza habari za ule mpira wa Kipushi, na nilipomaliza kusimulia nilikuwa nimesahau nilichokuja kufanya. Mlangoni ukanishika kiwiko. "Usiiguse, tonton. Ata mi mwenyewe nikikuomba, usiiguse."

Nikaapa. Na kwa mara moja maishani sikuongeza chumvi.

Hukuniomba. Hilo ndilo linaloniuma, Clarisse, kwamba hukuniomba. Ulipolala hospitali, na daktari akaacha kusema habari za miezi akaanza kusema habari za siku, uliniambia uzikwe hapahapa, kwamba hapa pia kuna udongo, na safari ya mwili ni gharama ya bure. Ulisema kama unavyomshauri mteja. Kisha ukageukia ukuta, ukaniuliza kama mtu akitoka uwanja wa ndege wa Lubumbashi bado analiona lile bomba. Nikakujibu linaonekana mpaka Zambia. Ukatabasamu. Mimi nilitoka kwenye korido nikakaa kwenye kiti cha plastiki, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, na nilijua ulichotaka.

Siku mbili baada ya wewe kututoka, mama yako akanipigia. Dada yangu Antoinette ni mwanamke wa maneno mengi, unamjua, lakini siku ile alisema sentensi moja. "Gustave, unirudishie mutoto yangu." Michango ya kanisa na ya Galerie ilifika nusu ya njia. Fedha zako mwenyewe zilikuwa zimefungwa kwa notaire, yule mwanasheria wa mirathi, karatasi zinatembea pole pole, na mwili haungoji karatasi.

Donc, basi, nilikwenda ofisini. Bijou, mwenzako, alikuwa amekaa kwenye meza yake, hakutaka kukaa kwenye yako. Alifungua faili langu, ukawepo mwandiko wako: nyumba ya étage ya tonton. Chini yake, ya chini kwanza. Alinieleza kwamba nikitoa sasa, mwaka wa saba, napoteza lile tunda la miaka mitatu ya mwisho, ambalo ndilo kubwa. Alisema hivyo kwa sababu ndivyo ulivyomfundisha, macho yamemjaa maji. Kisha akanipa karatasi yenye nafasi ya kuandika sababu. Mimi, Clarisse, mwenye sababu za kila kitu, nilikaa na ile kalamu muda mrefu mpaka Bijou akaenda kuchemsha maji. Mwisho niliandika: kurudisha mtoto kwa mama yake.

Alisoma. "Angekufokea, tonton," akasema. Nikamwambia najua. Ningetoa mkono wangu wa kulia nisikie kufokewa huko.

Ilitosha tiketi yako. Yangu haikutosha. Watu wanadhani nilikwenda na kurudi, na kwamba nililala kwenye baraza yangu. Hapana. Nilifika uwanja wa ndege wa Zaventem, upande wa mizigo, nikatia sahihi nilipoonyeshwa, na mlango wa chuma ukashuka. Mazishi niliyaona kwenye simu, nimekaa kwenye benchi ya Flagey, watu wananunua jibini karibu yangu. Mama yako alikuwa ameshikwa pande mbili. Aliyekuwa anapiga picha aliinua simu kidogo, na nyuma ya vichwa vya watu nikaliona bomba. Basi ulikuwa umefika.

Wiki iliyopita niliamua kutua mzigo. Nikaingia kwa papa Willy, nikakaa kwenye kile kiti, nikasema mbele ya wote kwamba sina nyumba Lubumbashi, sijawahi kuwa nayo, hata tofali moja. Nilisema vizuri, bila pambo. Wakacheka mpaka mashine ya kunyolea ikazimwa. Mmoja akasema tonton anaogopa wageni wa likizo. Mwingine akauliza vile vigae vya Italia vimekwenda wapi. Nikaapa. Hapo papa Willy akaacha kucheka, akaniwekea mkono begani kama mtu anayemrudisha mgonjwa kitandani.

"Gustave, huzuni inakuzungusha kichwa. Clarisse mwenyewe aliniambia nyumba iko, iko na bapangaji. Na ule mutoto hakusemaka bongo."

Watu wote wakavua kofia kwa heshima yako. Ili niibomoe ile nyumba, ilikuwa lazima kwanza nikubomoe wewe. Nikamwambia papa Willy apunguze nywele za pembeni, na wakati ananyoa nilifunga macho ili maji yasionekane. Kama barua hii itasomwa na wengine, hainitishi. Watasema ni Gustave tena.

Jana nimerudi kwa Bijou. Nimemwambia afungue faili jingine, kidogo kila mwezi, miaka kumi. Akapiga hesabu ya umri wangu kimyakimya, nikamwona, akavuta karatasi. Ulimwambia papa Willy kwamba nyumba ipo. Basi itabidi iwepo, hilo ni juu yangu sasa. Sikumuuliza kama inapanda. Nimekwisha kufunika, nimekwenda zangu.

Alipofika penye lengo, aliinua kalamu akaniuliza étage ngapi.

Nilisema tuanze na ya chini.

Lala vizuri kwenye udongo wetu, mama. Kibaoni, mji wako umetangulia.

Mimi, kaka wa mama yako,
Tonton Gustave