Nilikata Kanga ya Mama Nikashona Vibibi

Shangazi Sabiha, shikamoo. Miaka yote nimekuwa nikikusoma gazetini nikicheka shida za wenzangu, leo yamenifika mimi na sina pa kuyapeleka, nisaidie kabla sijafanya jambo la pili lililo baya kuliko la kwanza.

Mimi ni mjane, nakaa Ngamiani hapa Tanga, nashona wanasesere wa kitambaa, si wa watoto kuchezea, ni wale wa watu wazima wanaowakusanya na kuwapanga kwenye makabati ya vioo, vibibi vya pwani vimejitanda kanga, urefu wake shubiri, ndani najaza sufi ninayoletewa kutoka Muheza, na kila kimoja nakishona kwa mkono mpaka vidole vya miguu. Zamani mtu akiniuliza bei nilikuwa namhesabia kitambaa na uzi basi, mkono wangu siuhesabu, naona haya, nitamdai vipi mtu pesa ya kukaa kitako?

Ndipo akaja kaka mmoja wa Mombasa, Muhanadi, ana duka la vitu vya kale, akataka vibibi vilivyovaa kanga za zamani, si hizi za siku hizi, maana wateja wake wanazijua. Nikamtajia bei yangu, akatoa pesa palepale, hakuomba nimpunguzie hata kidogo. Shangazi, mtu wa pwani anunue asiombe kupunguziwa? Hapo ndipo nilipopaswa kujua kuwa nimejipunja, lakini nilifurahi kama zuzu.

Nikakata kanga zangu kuukuu zote zikaisha, na yeye anataka zaidi, basi nikafungua sanduku la mama. Mama yangu, Bi Mwatum, ni mzaliwa wa Pemba, alikuja Tanga kuolewa, na tangu miguu imchoke nilikuwa nakaa naye mimi. Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na doti ya kanga ambayo haijapata kuguswa na maji, rangi yake damu ya mzee, jina la kanga limeandikwa pindoni kwa herufi za Kiarabu, alipewa na bibi yangu siku anaondoka kwao. Nilijua anaiweka, sikuwahi kumuuliza anaiwekea nini. Nikajiambia hajaivaa tangu nizaliwe, hataikumbuka. Nikachukua moja nikaacha ya pili. Na nilipompigia Muhanadi hesabu, kitambaa sikukitia, nikaona nimekipata bure.

Vibibi vile vikapendwa kuliko vyote nilivyowahi kushona, na Muhanadi akarudi kwa njia ya mpakani Horohoro na arbuni mkononi, pesa ya kutanguliza, anataka vingine vya kanga ileile, nikaipokea, nikalipia kodi ya nyumba niliyokuwa nimeichelewesha. Haukupita muda mama akaugua kifua, akadhani ndiyo safari yake, akamwambia kaka yangu Yussuf amtolee ile doti sandukuni, ile aliyoiweka ya kumsitiri siku akioshwa. Yussuf akatoa kanga moja. Mama akauliza ya pili iko wapi, na mimi nikasema kweli kwa sababu uongo haukunijia. Hakunigombeza. Alinitazama akasema, "Mwanangu, umenivua ningali hai."

Alipopata nafuu akamwomba Yussuf amchukue kwake Muheza. Ile kanga iliyobaki aliiacha kitandani, hakuiulizia. Nikipiga simu anapokea wifi, ananiambia mama amelala, na kila siku nikipiga amelala.

Nilimpigia Muhanadi nikamwomba anirudishie vile vibibi nivifumue, akasema vimebaki viwili dukani, akanitajia bei, ni mara kadhaa ya ile niliyomuuzia. Nikamlaumu kwamba ananinyonya. Akanieleza kwa upole ushuru anaolipa mpakani, pango la duka, masanduku ya vioo, vile vinavyopauka dirishani asipate wa kuvinunua, na kila alilolitaja lilikuwa kweli. Mimi gharama zangu sikuwahi kumtajia mtu.

Sasa anautaka mzigo wake na arbuni nimeshaila. Nikiikata hii kanga ya pili nitatoka kwenye deni, tena safari hii nitapandisha bei nimtumie mama za matibabu. Na mimi naona, shangazi, kanga ni doti, moja peke yake ni kipande tu, hata kumpa mtu zawadi huwezi, sasa itamfaa nini mama na mwenzake ameshakatwa? Niikate nisiikate, na nikiikata nidai kiasi gani? Sipati usingizi, na mkasi uko mezani.

Mshona vibibi, Ngamiani

*

Mshona vibibi, marahaba. Uondoe huo mkasi mezani kwanza, ndipo tuzungumze.

Umeniuliza maswali mawili ukayafunga kifurushi kimoja, ukitumaini nitashughulika na la bei nipitiwe na la mkasi. Sikupitiwa. Wewe umeshaamua kukata, unachonitafutia ni ruhusa, na kwangu huipati.

Kwa Muhanadi huna kesi. Bei uliitaja wewe kwa mdomo wako, yeye akalipa. Kosa lilianza siku ulipouona mkono wako kuwa bure, na macho yako bure, na siku nzima uliyokaa umeinama bure, mpaka ukafika kwenye sanduku la mama yako ukaiona na kanga yake bure. Uliponiandikia kwamba kitambaa hukukitia kwenye hesabu, nilitamani nikushike sikio.

Mpigie leo. Mwambie kanga ile haipo tena ya kuuzwa. Arbuni ni haki yake, maana aliyevunja maneno ni wewe, kwa hiyo utairudisha. Huna ya kuirudisha mara moja, basi mwombe akubali vibibi vya kanga nyingine. Ngamiani wapo kina mama wenye kanga kuukuu wanaotaka kuziuza, nenda kwao, uulize, ulipe, na ulicholipa ukitie kwenye bei. Utie na sufi na nauli yake, taa unayowasha, vile unavyoviharibu, na ujira wa fundi, na fundi ni wewe. Utaje bei hiyo bila kutazama chini. Akikuomba umpunguzie, ndipo utajua safari hii umeipatia. Akikataa kabisa, mlipe kidogo kidogo, hata kama itakubidi uwe unapika maandazi asubuhi. Si aibu.

Ila habari ya kukata kanga ya mama ili umtumie mama pesa ya matibabu, hiyo sitaki kuisikia tena. Umeipamba ikapendeza, nami nakwambia ni mbaya.

Sasa hilo jingine. Pole, mwanangu. Nilipofika kwenye neno alilokwambia mama yako niliiweka barua yako chini, sikuimaliza siku hiyo. Sina dawa yake. Kuna watu watakwambia mama ni mama, atasamehe, na mimi sitakudanganya, huenda asitamke kwamba amekusamehe mpaka anafumba macho. Kile ulichokifumua hakifumwi tena, hata ungevinunua vibibi vyote vya dunia. Hilo utaishi nalo.

Lakini Muheza si mbali. Acha kupiga simu, panda gari uende. Akiwa amelala, kaa mpaka aamke. Mfulie, mkande miguu, mchemshie uji, na akikugeuzia ukuta zungumza na huo mgongo. Usilie mbele yake, utamtwisha kazi ya kukubembeleza naye hana nguvu hizo. Na usithubutu kumpelekea doti mpya ya dukani, ataona unamlipa.

Umesema kanga moja ni kipande tu, haitamfaa. Hapo sikutaka kukujibu kwa akili yangu, nikaenda kwa Bi Mwanaima, anayeosha maiti za kike mtaani kwetu tangu mimi msichana. Nikamuuliza kama kanga moja yatosha kumsitiri mtu. Akaniuliza huyo mama ana umri gani, nikamwambia ni mtu mzima sana, miguu imemchoka. Akasema, "Wakifika umri huo huwa wamekwisha, wadogo kama watoto. Moja inawaenea."

Ikunje, umpelekee wiki hii.