Meno Kwenye Kopo la Samli

Shoga yangu Inshirah, nimeaibika leo!

Mjukuu wangu Rawda amesoma kwamba tukitia chakula cha moto kwenye plastiki, vijichembe vyake tunavimeza na huenda vikatudhuru. Basi nikiwa nimelala akatupa makopo yangu yote ya plastiki ya samli. Yote!

Na meno yangu ya bandia yalikuwa ndani ya kopo moja, na taka zilishazolewa. Nikatuma neno kwa mzoa taka.

Alasiri wakaja watu wa kumposa. Nimeziba mdomo kwa ushungi, mara Girgis mzoa taka mlangoni: "Hajati, meno yako haya! Nimepekua jaa zima!" Mbele ya wakwe, Inshirah! Mungu ambariki.

Rawda, machozi yakimlengalenga, akayaosha, akayatia kwenye gilasi. "Kioo ni salama, bibi."

Mama wa kijana naye akatoa meno yake mdomoni.

"Mwanangu, niletee na mimi gilasi."

Posa imekubaliwa.