Kitanda cha Nne kwa Bi Zuhura

Jumamosi, 8 Desemba. Asubuhi ukungu kutoka mtoni, kisha manyunyu. Saa tatu jua likatoka.

Dada Wakuru,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Presha imeshuka, au bado anaamka usiku na kukaa kwenye kiti? Na binti yako, amefunga shule salama? Mimi ni mzima wa mwili. Sikutaka kupiga simu, kwa sababu Marwa akiwepo nyumbani anataka niweke sauti ya juu na yeye asikie. Barua hii ataileta mwalimu mmoja wa huku anayerudi kwao Issenye kwa likizo.

Uliniagiza niwatafutie mahali pa kukaa wiki ya Krismasi pale Tarime mjini, penye utulivu na maji, pasiwe mbali na hospitali, kwa kuwa Mama hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake. Nimepapata. Alhamisi nilikwenda sokoni, nikazunguka. Karibu na stendi vyumba ni vizuri, lakini magari ya Sirari yanaanza kupiga honi alfajiri, saa ile ile baa zinapofunga. Nyuma ya soko kuna mashine za kusaga. Mwisho nikapanda juu, nyuma ya hospitali, ambako kuna miti na nyumba zimeachana. Huko nikamkuta Bi Zuhura, mjane wa fundi cherehani, aliyeletwa huku kutoka Tanga akiwa bibi harusi. Anapangisha vyumba viwili, na bomba liko uani. Nilisimama uani kusikiliza, akanicheka.

"Watega sikio nini, mwanangu? Kelele ya hapa ni mimi tu, nami nalala mapema."

"Mama yangu usingizi wake ni mdogo."

"Mlete. Akinywa chai yangu ya tangawizi atakoroma mpaka majirani waulize nimefuga nini."

Sasa nikueleze ya huku. Tangu ivume kwamba mgodi utapanuka hadi upande huu, kila mtu amejenga nyumba ya kutegesha, yaani ya kungojea fidia. Marwa amejenga yake mbele ya hii tunayokaa, mabati mapya na sakafu ya udongo. Watu wanasema wathamini wakikuta nyumba haina mtu hawaiandiki. Kwa hiyo kila jioni nawasha moto mle, na asubuhi naanika nguo kwenye kamba yake, zile zile zilizokauka jana. Marwa yuko machimboni wiki nzima, mimi ndiye wa kuonekana. Tangu Pasaka sijalala nje ya hapa. Ndiyo sababu hukuniona kwenye msiba wa shangazi. Nikisimama mlangoni naona mabati yanameta mpaka kilimani, na sisikii mtoto wala jogoo. Kama mnataka utulivu mtupu, uko hapa.

Marwa alipokuja jana nikamweleza habari za Bi Zuhura.

"Mjini kufanya nini?" akasema. "Mama akae kwenye ile nyumba. Hata mpaka wathamini waje."

"Mama halali kwa mkwe wake. Unajua."

"Ile si kwangu. Nimewahi kulala mle? Ile ni ya mgodi."

"Na wathamini wakiuliza ni ya nani?"

"Yangu."

Alicheka mwenyewe, lakini hakubadilika. "Mtu mzima akikaa pale mlangoni na kiti chake, nani atasema hapakaliwi? Nitachinja mbuzi."

Dada, nakuomba. Basi la kutoka Mugumu linapita hapa barabarani. Msishuke. Hata Marwa akisimama na kuwapungia, mwambie kwa adabu kwamba Mama ana kliniki mjini, mwendelee na safari. Mama akishaingia mle, likizo itaisha na hatatoka. Mimi niliambiwa ni miezi miwili.

Nitakuja siku ya Krismasi asubuhi, nirudi mapema kuwasha moto. Bi Zuhura nilimwomba vitanda vinne.

"Umenitajia watu watatu," akasema. "Cha nne cha nani?"

"Cha mtu ambaye huenda asije."

Alisema shuka atatandika.

Nisalimie baba mdogo anayetuchungia ng'ombe, na mama mchungaji aliyenifundisha kuimba, mwambie sauti bado ipo. Mama mwambie tu kwamba mahali nimepaona kwa macho yangu, na dirisha lake linatazama miti.

Mdogo wako,
Nyangi

Jumapili asubuhi, kabla ya kufunga bahasha. Jana, Marwa aliporudi machimboni, nilijaribu: sikuwasha moto kwenye ile nyumba. Nilikaa gizani nikisikiliza kama kuna atakayekuja kuuliza. Hakuja mtu, na nikaanza kuwaza kwamba ninaweza kulala nanyi hata siku moja. Leo jua halijatoka, jirani yangu Mama Gati yuko mlangoni.

"Jana ulikuwa unaumwa? Sikuona moshi ule upande."

Nikamwambia nilikuwa naumwa.

Kitanda kibaki kimetandikwa. Usiku wa jana nililala saa nane, nikikiwaza.