Deni Yangu kwa Mama Kuluthumu

Jumatatu, 22 Oktoba 2012
Mukubwa wa kazi ameniita ofisini, biro yake. Kazi mpya — barua za siri za serikali! Mimi, Wivine, dactylo tu, mupiga mashini. Lakini kwanza ankete, wachunguze maisha yangu. Inspekta Achille ametoka Kinshasa na fomu ya kurasa sita. Swali la tisa: una deni ambayo hujalipa? Kwa nani?
Nimeacha wazi.

Ijumaa, 26 Oktoba
Idd. Hapa mutaani Murara, kote kunanukia pilau. Nimewaza Mama Kuluthumu siku nzima.
Mwaka 2002 volkano ilipokula nyumba yetu, ni yeye alinifungulia mulango. Miezi mitano nililala dukani kwake, katikati ya mabalo, mafurushi ya vitenge. Asubuhi chai ya tangawizi. Bwana yake, muzee Mohamed, akitoka safari anapiga honi ya lori toka mbali, mama anacheka peke yake. Akanipa dola mia mbili za masomo ya dactylo. Mashini hatukuwa nayo — alichora herufi na chaki juu ya meza, nikajifunza vidole pale pale, yeye ananisomea barua za wateja. «Utanilipa ukipata mushahara.»
Nilipata kazi. Mushahara ukachelewa miezi saba. Nikaona haya. Nikaanza kupita barabara ingine. Halafu nikasikia muzee Mohamed amekufa, mama amehamia Rutshuru. Sikuenda hata kwa kilio.
Ile meza! Ningepewa siku moja tu ya zamani, ningechagua ile.

Jumanne, 30 Oktoba
Nimejaza swali la tisa. Jina lake, mia mbili, miaka kumi.
Achille amesoma, amevua miwani. Nilijua kazi imeisha. Kumbe hapana. Deni peke yake haimuangushi mutu, amesema. Wanaogopa deni yenye kufichwa: mutu anayekimbia mudai wake, adui atamununua bei rahisi. Nilete karatasi yenye sahihi ya mama — nimelipa, ao tumepatana nitalipa namna gani. Mwisho tarehe 19.
Anayekimbia mudai wake. Hajui amenipiga wapi.

Jumamosi, 10 Novemba
Kambi ya Kanyaruchinya, kupita Munigi. Watu wa Rutshuru waliokimbia vita wako pale toka mwezi wa saba. Nimeuliza hema kwa hema, matope mpaka magoti.
Nimemupata! Amekonda, lakini sauti ni ile ile.
«Nilikuwaka nakuona sokoni, Wivine. Mugongo tu, unakata kona. Nikajiuliza, nimemukosea nini huyu mutoto?»
Nimelia mbele ya watu. Nimemupa dola sitini, ndizo nilikuwa nazo. Amezifunga kwenye kitenge, ameanza kuniuliza habari za kila mutu wa mutaa wetu, hata wafu. Tumecheka.
Nikamwambia mambo ya ankete. Hapo hapo akaomba kalamu. Ameandika amepokea mia mbili zote. Ameweka sahihi. «Upate kazi kwanza. Mimi na wewe tutamalizana.»
Sikukataa. Karatasi iko kwenye saki, mukoba wangu.

Jumapili, 18 Novemba
Mizinga toka asubuhi. Kambi imevunjika, watu wanashuka mujini na magodoro kichwani. Nimesimama barabarani toka misa. Saa nane nikamuona mama — ana kiatu kimoja tu.
Yuko kwangu. Anakoroma kama zamani. Nimekaa kumusikiliza.

Jumatatu, 19 Novemba
Naandika kwenye korido ya biro. Masanduku kila fasi, biro inahama. Achille anakimbilia boti ya Bukavu, faili yangu mukononi.
«Madame, leta karatasi, niweke tampo, dosye yako ifungwe!»
Nimempa. Akainua tampo, ule muhuri wa serikali. Mudomo wangu ukasema wenyewe: «Inspekta, si kweli. Nimelipa sitini tu. Mama aliandika ivo kwa kunihurumia.»
Inje risasi, karibu kuliko jana. Ameweka tampo chini.
«Na huyo mama, yuko wapi sasa?»
«Kwangu. Analala kwa kitanda yangu.»
Akavuta kiti, akakaa. Ameniuliza nitamulipa mama ngapi kila mwezi, kisha ameniambia ningoje inje. Dereva amekuja kumuita mara mbili — boti inaondoka! Mulango uko wazi kidogo, namuona. Bado anaandika.