Thaimu ya Ndimu ya Mama Yako

Nyumba ya mwisho,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mpwa wangu Kijiti,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia, na naamini ungali mwembamba vilevile, ingawa huko uliko hakuna anayejua kukuita jina hilo. U hali gani? Kikohozi kimekuachia? Watoto je, wanalala vizuri? Mimi nipo, kwa maana ya kuwapo tu. Miguu imenigomea na kifua kinakoroma kama birika lililosahauliwa jikoni. Daktari ameacha kuniambia nirudi lini, nami nimeacha kumwuliza.

Kabla ya habari nyingine, nikutolee jambo nililokuficha tangu tulipomzika mama yako. Zile mbegu nilizokuwa nakutumia, nikiziita za thaimu yake ya ndimu, nilijua hazitakuotea thaimu ya ndimu.

Bustani yake ingalipo. Thaimu ya kawaida, ile ya kutia kwenye mchuzi, imekuwa kichaka kigumu. Ya kutambaa imeziba nafasi zote kati ya mawe hadi mlangoni, na ukiikanyaga inanukia. Ya manyoya, uliyokuwa ukiipapasa kama paka, imeoza upande mmoja kwa sababu sikuichanganyia mchanga. Dada yangu asingeninyamazia. Kila aliponiona na ndoo alinifokea: “Kaka, hiyo ni thaimu, si mpunga! Umesomea madawa miaka yote hiyo, kujizuia kumwaga maji hawakukufundisha?”

Siku hizi hakuna wa kunifokea. Nakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya miche, naisemesha ili nijue sauti yangu bado ipo. Muuguzi huja kunifunga kidonda cha mguu, kisha huenda zake. Juzi alinikuta nikizungumza na ile ya kutambaa.

“Babu, inakujibu?”

“Kuliko wewe.”

Akacheka, akafungua bandeji. Kisha akasema, “Yule mpwa wako anayekuandikia kila mara, mbona haji?”

“Ana kazi. Ana watoto.”

“Umemwita akakataa?”

Nikamwambia ameikaza mno bandeji. Hata hakuwa ameanza kuifunga.

Sasa turudi kwenye mbegu. Nimekuwa mfamasia maisha yangu yote, nimefundisha vijana mimea ya dawa, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua. Thaimu ya ndimu ni chotara. Mbegu zake, zikiota, hutoa mche wenye majani yanayofanana na ya mama yake lakini hauna ile harufu. Ili uipate yenyewe, unakata kitawi na kukichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, basi. Mama yako alikuwa akifanya hivyo huku anapiga soga, bila hata kuiangalia mikono yake.

Wewe uliniomba kitawi. Nikakujibu kwamba vitawi vyake havishiki, kwamba vitakauka njiani, na badala yake nikakutumia mbegu. Ukazipanda dirishani, ukaniandikia: “Mjomba, imeota lakini haina harufu ya mama. Labda mkono wangu ni mbaya.” Nami, mtu mzima na mvi zangu, nikakuandikia ujaribu tena. Ukajaribu tena.

Mkono wako hauna ubaya wowote, mwanangu. Naomba unisamehe kwa hilo kwanza.

Shina lenyewe li zima, kwenye lile sinki la zamani kando ya tangi. Ndani ya kifurushi hiki utakuta vitawi vyake, nimevizungushia kitambaa kibichi. Toa majani ya chini, vichomeke mchangani, viweke penye mwanga usio mkali, na usivimwagilie kama mimi. Chipukizi likitokea, lisugue kwa vidole. Ndivyo mama yako alivyokuwa akinukia alipoingia ndani kutoka bustanini.

Nisalimie mumeo, na mapacha wako, waambie babu yao bado ana meno ya kuchekea. Shangazi akikupigia simu kuniulizia, mwambie sijambo. Ana presha, usimwongezee. Mungu akulinde, na uzee wako aujaze watu.

Limebaki moja. Usidhani nilikunyima kwa uchoyo wa mmea. Katika kila barua uliandika kwamba ukipata nafasi utakuja mwenyewe kuchukua kitawi cha mama, na mimi sikuwahi kuthubutu kukuandikia uje kuniona mimi. Niliogopa kwamba siku utakapokuwa na mche wako, hutakuwa tena na kitu cha kukurudisha katika nyumba hii.

Ni mimi nikupendaye, hata nilipokudanganya,

Mjomba