Chumba Sikutafutii

Mtaa wa Dengfeng, Xiaobei,
Guangzhou, China.
6 Desemba 1998

Mpendwa mdogo wangu Cornel,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi isiyo na adabu. Goti lako linaendeleaje? Careen na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila kifua kilinibana wiki mbili, nikanywa tangawizi hadi majirani wakaniuliza kama nimeanza kuiuza.

Barua yako ilinifikia Jumatano. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikakasirika. Nikuambie mapema: chumba ulichoniomba nikutafutie hapa sikutafutii, na biashara ya jinzi hatushirikiani.

Umecheza huo mpira wa Wamarekani wa kushika mikononi miaka kumi, minne chuoni na sita ya kulipwa, hadi goti likakuangusha. Umekuwa kocha msaidizi wa timu ya chuo huko Marekani miaka tisa. Mara mbili nafasi ya kocha mkuu imetoka, na mara mbili wamempa mtu uliyemfundisha kazi wewe mwenyewe. Sasa imetoka ya tatu, nawe unaniandikia kwamba hupeleki jina, eti umechoka kuambiwa unajua kuwapa vijana moyo lakini mipango uwaachie wengine. Nani anayechora mipango ya ulinzi ya timu hiyo kila wiki? Wanajua ni wewe, Cornel. Wanajua sana.

Mjomba Protas naye ameniandikia kutoka Bukoba. Anasema mtu mzima hagombanii nafasi na wenye nchi, bora uje huku ujifunze biashara. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba amekosea.

Mwezi uliopita nilikwenda Zhongda, kwenye soko la vitambaa, kuchukua jora sitini za satini ya kanzu za kwaya. Siku ya kuagiza tulikata sampo vipande viwili, kimoja chake, kimoja changu. Yule laoban, yaani bosi wa duka, akafungua robota la mbele. Kitambaa kikalingana na sampo yangu. Akacheka, akanimiminia chai. Hapo nikakumbuka barua yako ya zamani, uliponieleza unavyowafundisha vijana wako: usimtazame mpinzani usoni, uso hudanganya, tazama kiuno. Basi nikaachana na uso wake na chai yake. Kiuno kilikuwa kinasogea polepole kuziba robota la pembeni.

Nikamwambia, "Na hilo fungua."

"Bu xing," akasema, haiwezekani.

Nikalikalia. Nililikalia tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri, wateja wakinipita na kunicheka, mpaka akalifungua. Ndani mlikuwa na kitambaa chepesi kama chandarua. Jora zote mbovu alizibadilisha.

Sasa niambie, mtu aliyemfundisha dada yake kwa barua tu, mwanamke ambaye hajawahi hata kuuona mchezo wenyewe, anakosa nini cha kuongoza timu? Nimekasirika, na sina mpango wa kutulia.

Kusema kweli ningefurahi ukiwa hapa. Jumapili upweke unaniuma, nakula peke yangu nikiisikiliza redio nisiyoielewa. Kwa hiyo usidhani naandika haya kwa wepesi. Lakini ukija kwa sababu wamekukatisha tamaa, utakuwa unapanga jinzi zangu huku moyo wako uko uwanjani, nami nitakuwa nimewasaidia wao.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wewe umecheza ugenini, hakuna atakayekuja kukutunza ukiwa umejikalia. Peleka jina. Tarehe kumi na nane mwezi ujao, siku ya usaili, vaa suti, ukae mbele ya hao wakubwa wa chuo na mipango yako yote mkononi. Wakikukataa, waseme kwa vinywa vyao, wewe ukiwa mbele yao. Mwaka mwingine nafasi ikitoka, rudi tena. Wachoke wao kwanza.

Msalimie sana wifi yangu Careen, na wanangu Adrian na Benedicta. Shangazi Anastazia anakusalimu, anauliza lini utampelekea picha isiyo na ile kofia ya chuma usoni. Mungu akupe moyo mgumu na ulimi mtulivu.

Dada yako akupendaye, na asiyekupokea,

Odilia